Usuluhishi wa Sebuleni

Mtu akirudi kutoka kazini kabla ya adhuhuri, kikombe chake cha chai mkononi, nyumbani hawaulizi kuna nini. Mama alikuwa uani akianua nguo alipomwona bintiye anaingia na kikombe chake cha bati, kandambili za kazini na kitambaa chake cha kichwani, vyote vimerundikwa kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Nguo akaziacha kambani.

"Wamekufukuza," alisema.

"Wamenifukuza."

"Kwa lile jambo."

"Wao wameandika nimeunguza mashuka."

Binti alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia kilichochukua mashuka ya hospitali kuu. Tangi la kuchemshia maji lilipoharibika, tajiri alipiga hesabu akaona kulitengeneza ni hasara, akaamuru mashuka yafuliwe kwa maji baridi, yapuliziwe marashi, yanyooshwe, yarudi wodini. Na wodi yenyewe ni ya wazazi. Kwenye mashine harufu ilijificha, lakini yakifika meza ya pasi joto liliifukua, damu ya watu wengine ikapanda na mvuke, na marashi ya waridi juu yake, mchanganyiko wa kumtoa mtu machozi. Binti alimwambia msimamizi, akaambiwa aongeze marashi. Akamwambia tajiri mwenyewe, akaambiwa kila mtu ashike pasi yake. Ndipo alipokwenda kwa bwana afya wa hospitali, mchana kweupe, akataja jina lake bila kujificha. Bwana afya alikuja na wenzake, wakabeba mashuka kwenda kuyapima, na hospitali ikasimamisha kazi mpaka tangi litengenezwe. Haikupita wiki, binti aliyesifiwa kwa mkunjo wake ulionyooka kama rula akawa mchoma mashuka.

Tajiri huyo mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mfadhili, naye hulipenda hilo jina mpaka hulisikia kutoka mbali. Zulia la msikiti ni lake, bomba la maji la njia panda ni lake. Baba wa binti alipofariki, Mfadhili ndiye aliyenunua sanda na kukodi gari la kumpeleka marehemu makaburini, na arobaini haijaisha akamchukua binti kazini. Yeye na marehemu walikuwa marafiki, kwa hiyo alimwita mama "shemeji", na binti alimwita "baba mdogo" nje ya geti na "bosi" ndani ya geti.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kumpata mama siku ile hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko akauliza kama binti alishindwa kunyamaza walau mpaka apate kazi nyingine.

"Mama, ungekuwa umejifungua jana," binti alisema, "ungekilaza kichanga chako pale?"

Mama alirudi kwenye kamba kumalizia nguo, na alizikunja vibaya zote.

*

Mtaa ulipata habari kabla jua halijazama. Siku ya pili mama alikwenda dukani kuchukua sukari kama ilivyo desturi yake, achukue leo alipe mwisho wa mwezi. Mwenye duka, mtu waliyesalimiana miaka nenda miaka rudi, aliushika mfuko wa sukari juu ya mizani bila kuushusha. Alisema siku hizi mambo yamebadilika, ingekuwa vizuri hela itangulie. Alilisema hilo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, kwa sababu foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Mama alitoa alichokuwa nacho kwenye ncha ya kanga, akapimiwa sukari ya chai ya siku mbili, akashukuru.

Binti naye alizunguka kutafuta kazi. Alikwenda kwenye hoteli moja yenye chumba chake cha kufulia, na meneja alimpokea vizuri, akamkagua mikono, akauliza alikuwa wapi kabla. Alipotajiwa kiwanda, alicheka kidogo. "Dada, sisi tunatafuta wapiga pasi," alisema. "Hatutafuti mashahidi."

Wenzake wa kiwandani walimkwepa. Mama Pacha, mfuaji aliyekuwa akigawana naye chapati kila saa nne, alimwona akija kwa mbele akavuka barabara, akajifanya anaangalia vyungu vya kuuza, na kwake vyungu vimejaa.

Jioni alikuja mjomba, ndugu yake mama, fundi viatu. Mjomba ni mtu wa maneno mengi na ujasiri kiasi. Alikaa, akavua kofia, akasema kwamba katika ukoo wao hajawahi kutokea mtu mwenye mdomo wa kufanya kazi kama huu, wengine wote midomo yao ni ya kulia tu na inawatosha. Alitaka binti aombe radhi yaishe. Wateja wake wawili tayari walikuwa wamechukua viatu vyao kabla havijashonwa, mmoja ameondoka na kisigino mfukoni.

"Niombe radhi kwa kosa gani, mjomba?"

"Wewe omba tu. Kosa watalitafuta wao."

Binti alicheka, na mama pia alicheka bila kutaka. Lakini kesho yake asubuhi binti alivaa gauni lake la kutokea akaenda ofisi ya kazi.

*

Alirudi na uso tofauti. Alimweleza mama yote, huku wakichambua maharage ya kuuza. Afisa kazi, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo peke yake lilimshangaza. Kisha alimwambia kwamba sheria ipo. Mfanyakazi akiona hatari kwa watu, akaipeleka kwa nia njema kwenye mamlaka inayohusika, mwajiri haruhusiwi kumfukuza kwa hilo, wala kumshusha cheo, wala kumhamishia kazi ya kumdhalilisha. Hata ile karatasi waliyoitia sahihi siku ya kuajiriwa, kwamba hawatatoa siri za kiwanda nje, haina nguvu ya kumziba mtu mdomo kwenye jambo linaloweza kuua. Na hata kama vipimo vingeonyesha mashuka ni safi, bado angelindwa, maadamu aliamini kweli anachokisema.

"Sasa kwa nini uso umeanza kuporomoka tena?" mama aliuliza.

"Kwa sababu baba mdogo hakuandika amenifukuza kwa ajili ya kwenda kwa bwana afya. Ameandika mashuka. Afisa anasema atamtaka athibitishe, na mimi nijitahidi kupata mtu aliyesikia sababu ya kweli. Shuka lililoungua atalileta, mama. Kuunguza shuka ni kazi ya dakika moja. Mtu wa kusema nimpate wapi? Mama Pacha anaangalia vyungu."

Mama aliendelea kuchambua. Alikuwa mtu wa kuangalia kwanza. Aliwaza kuwa wakishindwa, neno "mzembe" litamfuata binti kila geti atakalobisha, na hakuna pasi atakayoshikishwa tena katika mji huu. Usiku ule kwenye sala alikaa juu ya mkeka muda mrefu kuliko kawaida, na hakumwambia mtu alichoomba.

*

Mfadhili alikuja baada ya alasiri, siku ambayo wito wa ofisi ya kazi ulimfikia. Hakuja peke yake. Alimleta Shehe, na mjomba alitangulia mbele yao kuwafungulia mlango utadhani nyumba ni yake. Ilijulikana hapohapo nani alipanga. Mfadhili aliweka mezani kifurushi, mchele na sukari na mafuta, akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa pale hasa.

Shehe aliomba dua, akasema maneno mazuri juu ya suluhu na ujirani. Mama aliitikia amina kwa moyo wake wote, maana maneno yalikuwa ya kweli. Kisha Mfadhili akachukua nafasi. Aliongea kwa utaratibu, kama mtu anayegawa zawadi. Alisema yeye hana kinyongo. Mtoto akikosea, hapelekwi maofisini, anaitwa nyumbani, wazee wanakaa, yanaisha. Alichotaka ni kidogo sana. Binti aende kwa bwana afya aseme alikosea, harufu ilikuwa ya dawa mpya ya kufulia. Halafu Jumatatu asubuhi asimame mbele ya wafanyakazi wote aombe radhi. Baada ya hapo pasi yake inamsubiri, na mshahara utaongezwa kidogo.

"Na mashuka niliyounguza, baba mdogo?" binti aliuliza.

Mfadhili alipunga mkono. "Hayo achana nayo. Ofisi ikimtoa mtu lazima kitu kiandikwe. Wewe futa maneno yako kwa bwana afya, na mimi nafuta ya kwangu."

Mjomba alitikisa kichwa kwa furaha, akasema anaona mambo yameisha. Shehe alikuwa anaangalia vidole vyake.

Binti alisema hawezi. Alisema kwa adabu, mikono mapajani. Tangi bado bovu, mashuka bado yanafuliwa kwa maji baridi ya bomba kwa ajili ya hospitali ndogo za watu binafsi, akisema ni dawa mpya atakuwa anawadanganya wazazi na Mungu pamoja.

Hapo Mfadhili akamwacha binti, akamgeukia mama. "Shemeji, mtoto huyu anasema hivi mbele yako? Nani alisimama na nyinyi siku ile? Sanda ya rafiki yangu nilinunua kwa mkono huu. Nakukumbusha si kwa ubaya."

Kila mtu alimwangalia mama, na mama aliiangalia meza. Alikuwa ameogopa siku hii kwa miaka, siku ambayo ile sanda ingetajwa. Sasa imetajwa, na alishangaa kuona kwamba bado amekaa, bado anapumua, na hasira iliyomkawia tangu siku ya kikombe imefika yote kwa mara moja.

"Shemeji," alisema, "siku ile ulinisitiri. Kila sala nakuombea kwa lile, na nitaendelea, hilo ni lako. Lakini hukuniambia kama ulikuwa unanunua na ulimi wa mtoto wangu. Ungeniambia, ningemzika mume wangu kwa shuka la kitanda chetu."

Alisimama, akachukua kifurushi mezani, akamwekea Mfadhili mapajani taratibu, asije akamwaga mchele.

Mjomba alitoka na wageni. Baada ya muda alirudi kuchukua kofia yake, akanong'ona kwamba kuna watu wanapenda njaa.

"Kofia yako iko kwenye msumari," mama alimwambia.

*

Chumba cha usuluhishi kilikuwa na meza moja ndefu, feni iliyozunguka ikilalamika, na viti ambavyo hakuna kimoja kilichofanana na kingine. Mama aliomba Shehe aje kusema alichosikia. Shehe alituma salamu kwamba yuko safarini, na watu walimwona asubuhi ileile akinunua samaki. Mama aliumia kwa hilo kuliko kwa mwenye duka. Alijipa moyo kwamba Shehe naye ni mja, na zulia ni zito.

Mfadhili alikuja na wakili kijana mwenye suti ya kijivu. Wakili alitoa shuka kwenye mfuko, akalitandaza mezani, na katikati palikuwa na alama nyeusi ya pasi, nzima kuanzia pua mpaka kisigino. Alieleza habari za uzembe, za hasara na za uvumilivu wa mwajiri. Afisa kazi aliuliza kama kuna onyo lolote alilopewa binti kabla ya siku ile. Wakili alisema maonyo yalikuwa ya mdomo. Afisa akauliza nani aliyasikia, wakili akasema angehitaji muda.

Ikafika zamu ya mama. Alikuwa hajawahi kuongea mbele ya meza ya serikali, na shule yake iliishia darasa la saba. Aliulizwa jina, kisha uhusiano wake na mwajiri.

"Ni shemeji yangu."

"Humu ndani, mama, hakuna shemeji," afisa alisema, si kwa ukali. "Kuna mwajiri na kuna mwajiriwa. Sema ulichokisikia."

Akasema. Alieleza jinsi Mfadhili alivyokuja nyumbani na kumtaka binti akaseme uongo kwa bwana afya ili arudishwe kazini, na jinsi alivyomtishia kwa sanda ya marehemu. Wakili aliinua kalamu. Alisema kwa heshima zote huyu ni mzazi, mzazi yupi asingesema hivyo, na mteja wake anakanusha kabisa kuwa na mazungumzo yoyote ya aina hiyo.

Lakini mteja wake hakuwa anasikiliza kukanusha huko. Mfadhili alikuwa amesikia neno moja tu, kutishia, na limemchoma. Mtu aliyejenga bomba la njia panda, anatajwa mbele ya serikali kama mhuni wa kutishia wajane. Alisimama.

"Nilitishia, mimi? Shemeji, unaniangalia usoni unasema nilitishia? Mheshimiwa, nilikwenda kwao kwa miguu yangu. Nikamchukua Shehe, nikabeba na mchele. Tajiri gani anakwenda kumbembeleza mfanyakazi nyumbani kwake? Nilimwambia mtoto arudi kazini, na mshahara nikamwongezea."

Wakili alimvuta mkono wa kanzu. Mfadhili akaukung'uta mkono.

Afisa kazi alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. "Hiyo ni roho nzuri," alisema. "Arudi kwa sharti gani?"

"Sharti gani. Hakuna sharti. Akafute tu yale maneno kwa bwana afya. Angeyafuta, leo hii angekuwa amesimama kwenye pasi yake."

"Na asipoyafuta?"

"Asipoyafuta nitamrudishaje mtu aliyenichafua?"

Wakili alifumba macho. Feni ilizunguka. Afisa aliandika pole pole, herufi moja baada ya nyingine, kisha akalisogeza lile shuka kwa ncha ya kalamu mpaka pembeni ya meza.

"Kwa hiyo hili halihusiki," alisema.

Mfadhili alianza kuelewa akiwa bado amesimama. Alimtazama wakili wake, kisha shuka, kisha akakaa.

Afisa alimweleza bila kumkebehi. Alimwambia kosa lake halikuanzia kwenye barua ya kufukuza. Lilianzia siku binti alipomfuata ofisini kumwambia habari ya harufu, naye akamwambia ashike pasi yake. Mwajiri mwenye akili, alisema, humsikiliza wa kwanza anayemletea habari mbaya, kwa sababu huyo bado yuko upande wake. Angefungua sikio siku ile, bwana afya asingelijua geti lake. Sasa atamrudisha binti kazini, meza ileile, mshahara uleule, na atamlipa siku zote alizokaa nyumbani. Wakimpangia kazi ya kumkomoa, au wakimtenga, au wakiunguza shuka jingine, njia ya kuja hapa anaijua.

Nje, kwenye ukumbi wa kungojea, wakili aliwafuata kwa sauti ya chini. Alipendekeza kwamba mteja wake yuko tayari kutoa kiasi kizuri zaidi ya hicho, ili mradi binti asirudi. Ingekuwa nafuu kwa wote. Mama alimwangalia binti. Hela ile ingelipa mengi, na mama alijua mengi yenyewe kwa majina.

"Mwambie nitakuja Jumatatu," binti alisema.

Mfadhili alikuwa anapita. Alisimama mbele ya mama. "Umenivua nguo mbele za watu, shemeji."

"Umejivua mwenyewe," mama alimjibu. "Mimi nilikuwa nakuangalia tu."

*

Jumatatu binti alikwenda na kikombe chake. Tangi lilikuwa limetengenezwa, maana hospitali ilikataa kurudi bila hivyo, na mvuke ulitoka juu ya paa mweupe kama inavyotakiwa. Msimamizi hakumsalimu. Wafuaji wengi walimtazama kwa pembe ya jicho. Alichomeka pasi, akasubiri ishike moto, akapiga shuka la kwanza, akainamisha uso kunusa. Sabuni. Akachukua la pili.

Mtaani mambo hayakugeuka kuwa mazuri kwa siku moja. Mwenye duka aliendelea kutaka hela mbele, mama naye akahamia duka la pili, mbali zaidi, na kila siku alipita na mfuko wake wa sukari mbele ya lile la kwanza. Msikitini alikaa mahali pake pa siku zote. Shehe alipomsalimia akiangalia chini, aliitikia salamu yote, kikamilifu.

Ijumaa moja jioni mlango uligongwa. Alikuwa Mama Pacha, amejitanda kanga mpaka machoni, anaangalia nyuma kama anafuatwa. Aliingia akasimama karibu na ukuta. Alionyesha viganja vyake. Ngozi ilikuwa imeambuka vipande vipande, nyekundu, kwenye vidole hata kushika sindano isingewezekana. Alianza kueleza kwa kunong'ona kwamba wafuaji wote mikono iko hivi tangu iletwe dawa kali ya kuondolea madoa, glavu wameomba mpaka wamechoka, na kwamba yeye hakuja kwa ubaya, alitaka tu kujua ile ofisi iko wapi, mtu akienda anaanzaje, ila tafadhali asitajwe.

Binti alikuwa ameshanyanyuka kuvuta kiti. Mama alimwahi. Alifungua dirisha la barabarani, mabawa yote mawili, akamshika mgeni begani akamkalisha.

"Anza tena, mwenzangu," alisema. "Na usinong'one. Humu ndani hatujaiba kitu."